Usukani Umelegea, Lori Linatangatanga: Isake Kasoro Kuanzia Kwenye Tairi

Barabara imenyooka, hakuna upepo wa ubavuni, mzigo ni wa kawaida, lakini mikono yako haitulii. Unalivuta lori kulia, linakaa sawa kidogo, kisha linaanza tena kuuendea ukingo wa kushoto. Unalirudisha, linapitiliza. Ukifika mwisho wa safari mabega yanauma kana kwamba umepiga kasia kutwa nzima. Wenye malori makuukuu wengi hufika mahali wakalizoea jambo hili, wakasema ndivyo lilivyo. Sivyo lilivyo. Lilipokuwa jipya lilikwenda njia yake, na karibu kila kilichopotea tangu hapo kinarudishika kwa jeki, spana, grisi na subira.

Nakuomba jambo moja kabla hujagusa chochote: usianze na ile skrubu iliyo juu ya stelingi boksi, sanduku la gia za usukani. Inaonekana, inafikika, na kila aliyewahi kushika spana atakwambia uikaze robo mzunguko. Mimi niliikaza. Usukani ukawa mzito katikati, ukakataa kurudi wenyewe baada ya kona, na lori likatangatanga kuliko mwanzo. Kasoro ilikuwa kwenye springi ya nyuma, mbali kabisa na boksi niliyokuwa nikihangaika nayo. Nitaifikia habari hiyo. Skrubu ile ina siku yake, na siku yake ni ya mwisho, baada ya kila kitu kingine kukaguliwa.

Jua kwanza unaumwa nini

Watu husema "usukani umelegea" wakimaanisha mambo manne yasiyofanana, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni plei: unazungusha usukani kidogo huku na huku na magurudumu hayaitikii. Hilo linaonekana hata lori likiwa limesimama. La pili ni kutangatanga: lori halishiki mstari, linakwenda kulia mara hii na kushoto mara ile, nawe kazi yako ni kulisahihisha tu. La tatu ni kuvuta, yaani linakwenda upande mmoja ule ule kila ukiachia mikono. La nne ni kutetemeka, usukani unapochezacheza mikononi kwa mwendo fulani au baada ya kuruka shimo.

Kuvuta, mara nyingi, ni upepo wa tairi usiolingana, breki ya ngoma inayoshika upande mmoja, au ekseli iliyohama. Gusa habu zote mbili baada ya safari fupi. Iliyo moto kuliko mwenzake ndiyo inayokuvuta. Kutetemeka ni balansi ya matairi, rimu iliyopinda, au beringi zilizolegea za nako, kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele na kugeuka nalo. Sitakaa sana hapo, maana shida yetu ni hizo mbili za mwanzo, ambazo kwa kawaida huja pamoja ingawa si lazima. Kuna lori lenye plei kubwa ambalo bado linakwenda moja kwa moja, na kuna lori lisilo na plei hata kidogo ambalo linatangatanga vibaya mno. La pili ndilo linalowapoteza mafundi wengi.

Milimita moja inavyokuwa nusu mita

Usukani wenye kipenyo cha milimita 400 ukisogea milimita 35 kwenye ukingo wake bila magurudumu kuitikia, umepoteza digrii 10. Kwa boksi yenye uwiano wa 20 kwa 1, digrii 10 za usukani ni nusu digrii ya gurudumu. Inaonekana ndogo. Lakini lori lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likienda kilomita 80 kwa saa huku magurudumu yamekengeuka nusu digrii, linasogea pembeni zaidi ya nusu mita ndani ya sekunde moja.

Sasa geuza hesabu. Mkono wa nako wenye urefu wa milimita 150 unahitaji kusogea milimita 1.3 tu ili gurudumu ligeuke nusu digrii. Kati ya usukani wako na tairi kuna viungo vitano au zaidi. Kila kimoja kikichakaa robo milimita, kiasi ambacho jicho halikioni, haba na haba imekwisha kujaza kibaba. Ndiyo maana unabadilisha tairodi endi moja, kiungo cha ncha ya ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, unaendesha, na huoni tofauti. Haikuwa kazi bure. Ulitoa sehemu moja ya tano ya tatizo.

Anzia kwenye tairi

Pima upepo matairi yakiwa baridi, ulinganishe kushoto na kulia. Tairi la mbele lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila unapogeuza usukani, na unachokihisi mikononi ni kile kile cha viungo vilivyolegea. Ya nyuma nayo yasisahauliwe: matairi laini ya nyuma hulifanya lori liyumbe mkia, na dereva huhisi tatizo liko mbele.

Kisha tazama aina. Matairi ya zamani ambayo nyuzi zake hupishana kimshazari hufuata mifereji na matuta ya barabara kwa tabia yake yenyewe. Ukiyachanganya na ya kisasa ya radiali kwenye ekseli moja, hakuna fundi atakayekunyooshea lori hilo. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi makali upande mmoja kama meno ya msumeno, alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, imekosewa. Ukiona mabonde na vilima kuzunguka tairi, shuku shokapu zilizokufa, balansi, au beringi.

Kuna kipimo chepesi kisichogharimu kitu: badilishana matairi ya mbele na ya nyuma, kama yana ukubwa na aina moja, uendeshe. Tabia ikibadilika, umepata mshukiwa wako kabla hujajipaka grisi.

Kipimo cha ardhini

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na watu hukikosea kwa kuinua lori kwa jeki. Usiliinue. Magurudumu yakining'inia, yanafuata usukani bila upinzani na viungo vilivyochakaa havijionyeshi. Uzito ukiwa chini, tairi linagoma kugeuka, na kila kiungo kilicholegea kinalazimika kujitaja.

Egesha mahali palipo sawa na pakavu, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, elekeza ya mbele moja kwa moja. Mwite utingo au yeyote aliye karibu akae kwenye usukani. Kama usukani ni wa kawaida, injini izimwe. Kama ni wa pawa, injini iwake, na hapo uwe mwangalifu maradufu na nguo zako, feni na mikanda. Mwambie auzungushe kushoto na kulia taratibu, mpaka tu tairi linapoanza kutikisika, asiendelee zaidi. Wewe lala chini na taa.

Unachokitafuta ni mahali ambapo kitu kimoja kinasogea na kinachofuata kimetulia. Anzia juu. Nguzo ya usukani inazunguka. Je, shafti inayoingia kwenye boksi inazunguka papo hapo, au inachelewa? Ikichelewa, tazama jointi ya raba iliyo kati yao, ile sahani ya raba yenye nyuzi. Ikilowa mafuta kwa miaka huvimba, hulainika na kupasuka, na peke yake inaweza kukupa sentimita kadhaa za plei. Malori mengine yana jointi ya msalaba badala ya raba. Hiyo nayo huchakaa.

Shafti inaingia, lakini pitmani amu, ule mkono unaotoka chini ya boksi, haujasogea? Plei iko ndani ya boksi. Iandike, lakini usiiguse bado. Pitmani amu inasogea kwa kucheza ubavu badala ya kuzunguka tu? Bushi au beringi za shafti ya kutokea zimekwisha. Boksi nzima inasogea juu ya chesisi? Bolti zake zimelegea, au chesisi yenyewe imepasuka. Hili la chesisi si la nadra. Chevrolet na GMC za magurudumu manne za kati ya 1973 na 1987 zinajulikana kwa kupasuka chesisi palepale boksi inapofungwa, hasa zilizowekewa matairi makubwa. Safisha eneo hilo kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, maana ufa hujificha chini ya matope na grisi na mara nyingi hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu. Ufa huo hautibiwi kwa kupitisha weldi juu yake tu. Utobolewe ncha zake ili usiendelee kukimbia, uchomelewe vizuri, kisha uwekewe bamba la kuimarisha.

Endelea kushuka: dragi linki (fimbo inayotoka pitmani amu kwenda kwenye nako), mkono wa nako, tairodi, tairodi endi za pande zote mbili. Kwenye kila kiungo weka vidole viwili, kimoja juu ya sehemu hii na kingine juu ya ile. Vidole huhisi robo milimita ambayo macho hayaioni. Nakushauri uuguse kila kiungo hata ukishapata kibaya cha kwanza, kwa sababu ya ile hesabu ya sehemu moja ya tano. Land Rover za zamani za Series zina kiungo cha ziada, rilei, kilichochomekwa ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Ndani yake mna springi yenye nguvu kubwa, ambayo ukifungua bila kujua inaruka na kuumiza. Ikikauka mafuta huganda. Ikichakaa mikono yake hucheza.

Kubadilisha viungo

Tairodi endi iliyochakaa haitengenezwi, hubadilishwa. Kabla ya kuifungua, pima urefu wa tairodi kutoka kiungo hadi kiungo au hesabu mizunguko unapoitoa, ili lori liweze kutembea hadi kwenye alaimenti. Kumbuka upande mmoja una uzi wa kinyume. Kuiachisha kwenye mkono wa nako, legeza nati bila kuitoa, kisha ligonge ubavuni jicho la mkono wenyewe kwa nyundo, nyundo nyingine nzito ikishikiliwa upande wa pili. Koni huachia kwa mshtuko. Ukigonga ncha ya uzi unaharibu kiungo ambacho labda kilikuwa kizima.

Unapofunga, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la kotapini, ile pini inayoizuia nati isifunguke, lisipokutana na mfereji wa nati, endelea kukaza mpaka likutane. Usirudishe nyuma hata kidogo. Koni isiyokaa sawasawa huchakaa tundu lake, na hapo utabadilisha mkono mzima.

Dragi linki za kizamani zenye mpira wa chuma na springi ndani hurekebishika. Kwa nyingi kaida ni kukaza kizibo cha mwisho mpaka kigome, kisha kukirudisha kiasi cha nusu mzunguko hadi tundu la kotapini, lakini fuata kitabu cha gari lako kama unacho. Kikigoma mapema huku plei ingali ipo, mpira au viti vyake vimekwisha.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja: kitu chochote cha usukani hakichomelewi, hakipashwi moto kunyooshwa, hakijazwi washa ili kizibe nafasi. Tairodi iliyopinda hutupwa. Dragi linki ikikatika kwa mwendo, usukani unazunguka bure mkononi na huna cha kufanya.

Sasa inua

Pandisha ekseli ya mbele, iweke juu ya stendi imara, usitegemee jeki. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na urudie. Plei ikitoweka, ilikuwa ya beringi za habu, maana breki imeifunga habu na nako kuwa kitu kimoja. Plei ikibaki, ni kingipini, ile pini ambayo nako hugeukia, au boli jointi kama lori lako linazo. Kisha shika kushoto na kulia. Plei inayoonekana hapa tu na si juu na chini kwa kawaida ni ya tairodi endi.

Beringi za koni hurekebishwa kwa kukaza nati huku gurudumu likizungushwa, ili zikae mahali pake, kisha kurudisha mpaka ibaki nafasi ndogo sana, kwa malori mengi kati ya milimita 0.025 na 0.125. Ukiziachia zaidi, gurudumu linayumba. Ukizibana, zinaungua.

Kingipini zinataka maelezo zaidi. Pini hukaa ndani ya bushi mbili, ya juu na ya chini, na uzito wote wa mbele hukaa juu ya beringi ya kubebea iliyo chini ya jicho la ekseli. Ukipiga grisi lori likiwa limekaa chini, grisi hutoka kirahisi penye nafasi na beringi ile hubaki kavu. Inua tairi liachane na ardhi, piga grisi mpaka mpya itokeze, geuza usukani mwisho hadi mwisho, piga tena. Fanya hivyo kila mara na kingipini zitadumu miaka mingi. Zilizokwisha hutolewa, bushi mpya huingizwa na kusagwa kwa rimeli, kifaa cha kupanulia tundu, hadi pini iingie kwa kusukumwa na mkono, na matundu ya grisi lazima yakutane na ya nako. Bushi iliyowekwa kinyume haitapata grisi hata tone.

Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima mbele hazina bushi hizi bali beringi za koni juu na chini ya nako, zikibanwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma. Shimu zikizidi au beringi zikichakaa, mbano unapotea na lori linaanza kutetemeka. Pasipo plei ya kuonekana, mbano hupimwa kwa mizani ya kuvuta kwenye mkono wa nako.

Ugonjwa wa kubana

Lori likiwa bado juu, fungua dragi linki kwenye mkono wa nako, kisha geuza magurudumu kwa mikono kutoka mwisho hadi mwisho. Yanapaswa kwenda laini, bila kukwama wala kukwaruza.

Yakikwama, umepata lile lori lisilo na plei ambalo linatangatanga. Maelezo yake ni haya. Lori hunyooka lenyewe kwa sababu kingipini imelala nyuma kidogo, na kulala huko huvuta magurudumu yarudi katikati, kama gurudumu la mbele la baiskeli unayoiendesha bila mikono. Nguvu hiyo ni ndogo. Kingipini iliyokauka, boli jointi iliyoganda, au boksi iliyokazwa kupita kiasi huishinda. Kwa hiyo unageuza kulia, magurudumu yanabaki kulia. Unarudisha kushoto, yanabaki kushoto. Lori linakumbuka kona ya mwisho. Wewe unasema limelegea, kumbe limebana.

Dalili yake ni hiyo hiyo: baada ya kona ukilegeza mikono, usukani haurudi, au unarudi nusu ya njia. Ukiona hivyo usikaze kitu chochote. Tafuta kinachobana.

Springi na ekseli

Hapa ndipo habari yangu inapoingia. Lori langu lilikuwa na tabia ya ajabu: nikikanyaga mafuta linakwenda kushoto, nikiachia linakwenda kulia. Nilibadilisha tairodi endi zote nne za mbele, nikakaza ile skrubu, nikaharibu hali zaidi. Mwishowe nikachukua tepu, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Kulia na kushoto vilitofautiana milimita 12. Senta bolti, ile inayoshika majani ya springi katikati, ilikuwa imekatika kwenye springi ya nyuma kushoto, yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli zimelegea, na bushi ya jicho la mbele ya springi hiyo imebaki ganda. Kila nilipokanyaga mafuta upande ule wa ekseli ulisogea mbele, nikiachia unarudi nyuma. Ekseli ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikiliendesha lori.

Kwa hiyo pima tofauti hiyo mapema, kabla ya kununua kipuri chochote. Kisha chunguza: senta bolti, yubolti, bushi na pini za springi mbele na nyuma, mashako (vile vishikizo vinavyocheza mwishoni mwa springi). Chomeka mtaimbo karibu na jicho la springi uutingishe, kinachoruka kimekwisha. Sehemu zinazong'aa kati ya springi na ekseli zinaonyesha panaposogea.

Namna lori lilivyokaa nayo ina neno. Kuongeza majani ya springi nyuma au kuweka mashako marefu huinua mkia na kuinamisha pua, na kingipini hupoteza ule mlalo wa nyuma. Lori lililonyooka jana leo linatangatanga, na hakuna kilichochakaa. Kinyume chake, mzigo uliopakiwa nyuma ya ekseli ya nyuma huipunguzia mbele uzito, na usukani unakuwa mwepesi usio na habari. Ukilipandisha lori lote juu, dragi linki hulala kwa mwinuko mkali, na kila shimo linalosukuma ekseli juu huvuta usukani. Ford zilizotumia mihimili miwili ya mbele ya Twin I-Beam, kuanzia 1965, zina jambo la pekee: springi za mbele zikilegea, magurudumu hubadili mlalo wake wa juu na chini, na matairi huliwa ndani kabla ya nje.

Mlalo wa kingipini huongezwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari huelekea nyuma. Kwa ekseli ya mbele inayovutwa na injini, fahamu kwamba kabari hugeuza pia pembe ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, basi usizidishe.

Mwelekeo wa magurudumu

Huu unaweza kuupima mwenyewe. Paka chaki kuzunguka tairi katikati, lizungushe huku msumari umeshikiliwa mahali pamoja ili upate mstari mwembamba. Fanya hivyo pande zote mbili, shusha lori, lisukume mbele mita chache bila kulirudisha nyuma. Pima umbali kati ya mistari miwili mbele ya matairi, kisha nyuma yake, kwa kimo cha habu. Kwa malori mengi ya kizamani mbele panatakiwa pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 1.5 hadi 3. Mbele pakiwa papana, kila gurudumu linataka kwenda njia yake na lori huyumba kwa kila tuta.

Usipime kabla ya kuondoa plei. Kipimo cha viungo vilivyolegea hubadilika kila unapopima.

Ile skrubu

Matairi sawa, viungo sawa, kingipini laini, springi zimeshikwa, magurudumu yamenyooshwa, na bado shafti ya boksi inazunguka kabla ya pitmani amu kusogea. Sasa imefika zamu yake.

Kwanza tazama mafuta ya boksi na sili ya chini. Boksi kavu haitengenezeki kwa skrubu. Kisha kaza bolti zake zote za chesisi. Tafuta katikati: hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, gawa kwa mbili, simama hapo. Meno ya boksi yametengenezwa yabane kidogo katikati tu na yaachie pembeni. Katikati ndipo panapochakaa kwanza, kwa kuwa ndipo lori linapoishi. Ukirekebisha usukani ukiwa umegeuzwa, utafuata nafasi ya pembeni, na ukirudi katikati meno yatabanana.

Beringi za shafti ya kuingilia hurekebishwa kwanza, kwa nati yake kubwa au shimu, kisha ndipo skrubu ya juu. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu sehemu moja ya nane ya mzunguko, funga, jaribu. Kwa boksi nyingi ni kwenda kulia. Ukihisi kizuizi chepesi katikati kinachotoweka upande wowote, umefika. Ukihisi kukwaruza au kidonda katikati, rudisha. Meno yamekwisha, na boksi inataka kufunguliwa au kubadilishwa. Ukiondoa dragi linki ili uhisi vizuri, usizungushe usukani kwa kasi ukaugonga mwisho, maana miongozo ya gololi ndani huvunjika. Pitmani amu ikitolewa, itolewe kwa pula, kifaa cha kuvutia. Nyundo kwenye shafti hupeleka pigo moja kwa moja kwenye beringi.

Kwa usukani wa pawa, kagua pia mkanda unaoteleza, mafuta yaliyopungua, na povu lenye mlio linaloonyesha hewa imeingia. Pale ambapo silinda ya pawa iko kwenye dragi linki, vali yake ikikosa katikati huvuta usukani upande mmoja, na lori likiinuliwa injini ikiwaka, magurudumu yanaweza kugeuka yenyewe.

Mtu atakuuzia shokapu ya usukani. Ni kitu kizuri kwenye lori lililo zima. Kwenye lori lenye viungo vibovu hukuficha ugonjwa mpaka kiungo kikatike.

Ukimaliza, liendeshe mahali patupu kwa mwendo mdogo, jaribu kona za pande zote mbili na uone usukani ukirudi wenyewe, piga breki taratibu, ndipo uongeze mwendo. Baada ya kilomita 100 hivi lala tena chini na spana: yubolti mpya hulegea springi zinapokaa, na bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi zitakubali robo mzunguko zaidi. Kotapini zote zitazame tena kwa jicho, moja baada ya nyingine.